Kazi ya meli hainunuliwi

Hapa Likoni kijana akimaliza masomo ya ubaharia, wakala humdai pesa kwanza. Wazazi huuza kiwanja. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, wakataza baharia kulipia kazi. Juu yake ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti tu.

Madhara hayaishii bandarini. Aliyepanda meli na deni hathubutu kudai mshahara uliochelewa wala saa zake 10 za kupumzika kwa siku. Akirudi, harudi tena baharini. Ndivyo twapoteza mabaharia wetu.

Kwa maoni yangu, KMA ianze na mawakala hawa. Nawe mzazi, kabla hujauza kiwanja, omba kuona leseni.