Mteja asiye na pa kwenda

Mwishoni mwa muhula mmoja hivi karibuni nilialikwa mjini Isiolo kuzungumza na walimu wa Kiswahili juu ya ufundishaji wa sarufi. Tulikusudia kuanza saa tatu za asubuhi. Hadi saa tano, nusu ya washiriki walikuwa bado wako nje, simu mkononi, wakitafuta intaneti ili wakamilishe fomu za tathmini ya utendakazi ambazo Tume ya Huduma za Walimu (TSC) huzipokea kwa njia ya mtandao. Mwalimu mmoja aliyetoka upande wa Merti alinieleza kwamba alikuwa amelipia huduma ya mwezi mzima, naye akapata ya siku tisa tu. Alipoipigia simu kampuni iliyomuuzia, aliombwa radhi kwa lugha tamu, akaambiwa awasubiri mafundi. Mafundi hawakuja, na pesa hazikurudishwa.

"Sasa, Daktari," akaniuliza, "nikiwaacha hawa, nitakwenda wapi?"

Yumkini msomaji atasema kwamba hilo ni suala la adabu ya makampuni na uzembe wa makarani wao. Mimi naona sivyo. Karani aliyezungumza na mwalimu yule alikuwa na adabu tele. Kilichokosekana ni sababu ya kampuni kujali, maana mteja asiye na pa kwenda, hata akilalamika mchana kutwa, kesho atarudi pale pale na pesa zake mkononi.

Kiswahili chetu kimelihifadhi jambo hili vizuri. Neno ukiritimba, kwa maana yake ya asili, ni hali ya mfanyabiashara mmoja kulihodhi soko peke yake. Lakini siku hizi watu wengi, waandishi wa habari wakiwamo, hulitumia kumaanisha urasimu, yaani kuzungushwa ofisini bila ya kuhudumiwa. Baadhi ya wenzangu hulihesabu hilo kuwa kosa. Mimi naona wazungumzaji wamegundua kwamba mambo hayo mawili ni ndugu: anayeuza peke yake hana haraka ya kukuhudumia. Na neno mteja, kabla ya kumaanisha mnunuzi yeyote, lilitumika pia kwa mgonjwa aliye chini ya mganga. Mgonjwa huyo hapangi bei wala haulizi dawa imetengenezwa vipi. Kazi yake ni kungoja.

Historia ya nchi yetu inathibitisha hoja hii. Shirika la Posta na Simu lilihodhi mawasiliano yote kwa miaka mingi, na raia alingoja simu ya nyumbani mpaka akachoka. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ililigawa shirika hilo mnamo 1999, lakini Telkom Kenya ikaachiwa haki ya pekee katika baadhi ya huduma muhimu hadi 2004. Katika kipindi hicho waliouza intaneti walilazimika kupitia njia yake kuu, Jambonet. Malalamiko yalikuwa mengi, ila hayakushusha bei.

Bei ilishuka kwa sababu nyingine. Mnamo Agosti 2010 kampuni ya Zain ilipunguza gharama ya kupiga simu kwa takriban nusu, hadi shilingi 3 kwa dakika, na Safaricom, iliyokuwa na wateja wengi kuliko zote, ikalazimika kufuata. Tukayaona tena juzi. Starlink, ambayo huleta intaneti kwa setilaiti, iliingia nchini Julai 2023. Mwaka mmoja baadaye Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka makampuni ya setilaiti yasipewe leseni za kujitegemea bali yashirikiane na makampuni yaliyopo. Kisha, mnamo Septemba 2024, ikawaongezea wateja wa kebo zake za faiba kasi ya intaneti bila ya kuongeza bei. Kifurushi cha 2,999 kilipanda kutoka megabiti 10 hadi 15 kwa sekunde. Kumbe liliwezekana!

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba ushindani utaifikia kila manyatta kwa hiari yake. Kaunti ya Isiolo ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 tu. Mfanyabiashara akipiga hesabu ya mnara wa Sericho au Oldonyiro, dizeli yake, walinzi wake na wateja wachache watakaoutumia, ataona heri aongeze mnara wa kumi Nairobi. Setilaiti nayo inafika kila mahali, lakini kuilipia kila mwezi kunamlemea mwalimu wa kawaida, licha ya mfugaji.

Hapa ndipo serikali inapaswa kuingia. Makampuni ya mawasiliano hutozwa sehemu ya mapato yao kwa ajili ya Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoundwa kisheria kwa maeneo kama haya. Mnara unaojengwa kwa fedha hizo ni mali ya umma kwa maana, hata kama unaendeshwa na kampuni. Basi sharti liwe kwamba kila kampuni yenye leseni iruhusiwe kuutumia kwa ada ya haki. Vinginevyo tutakuwa tunatumia fedha za umma kujenga ukiritimba mpya mahali ambapo hapakuwa na kitu. Pili, siku ambazo huduma haikupatikana zirudishwe kwa mteja pasipo yeye kuomba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa na ya kufidiwa anapopata hasara. Tatu, maadamu TSC na Baraza la Mitihani (KNEC) yanadai fomu na alama zipelekwe kwa mtandao, yaweke njia nyingine kwa shule ambazo mtandao haujazifikia au umekatika. Si haki mwalimu wa Garbatulla kuhesabiwa mzembe kwa kosa la waya.

Nanyi walimu na wanafunzi, andikeni. Wekeni kumbukumbu ya kila siku mliyolipia msihudumiwe, mzipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano kwa pamoja, kwa majina ya shule zenu. Kilio si dawa, na hilo ni kweli. Lakini daftari lenye tarehe mia moja, lililotiwa saini na shule ishirini, ni ushahidi.

Siku ile sikuwa na jibu la kumpa mwalimu wa Merti. Alizituma fomu zake saa nne za usiku, kwa simu ya mwenzake.