SHULE IKIFUNGWA, MTOTO AENDELEE KUSOMA



Mwakumbuka Machi 2020, serikali ilipofunga shule zote kwa sababu ya korona. Watoto wengi wa madarasa ya chini hawakurudi mpaka Januari 2021. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha muhula wa pili hadi tarehe 13 Mei. Zaweza kufungwa tena, nasi twatoka alfajiri kwenda kazini. Je, mtoto afanye nini mchana kutwa?

Twasema hivi: mtoto mdogo hahitaji vitu vya bei. Vifuniko kumi vya chupa vyatosha kumfunza kujumlisha na kutoa. Mtume dukani, kisha ahesabu chenji mbele yako. Jioni akusomee japo gazeti lililofungiwa nyama. Asiyejua kusoma, mtegee vitendawili. Na wazazi wa ploti moja wapeane zamu ya kuangalia watoto.

Lakini zamu yataka nafasi. Kwa hiyo kila tawi lilete hoja hii mkutanoni: shule zikifungwa ghafula, tajiri akubali mzazi abadilishane shifti na mwenzake bila kukatwa mshahara. Tusipodai sisi, hakuna atakayetudaia.