Mlipeni Shangazi Kwanza

Jumapili moja nilikuwa Moiben, kwenye kibanda cha chai karibu na steji, nikingoja matatu ya kurudi Eldoret ijae. Kama umewahi kungoja matatu ijae Moiben, unajua mtu hupata muda wa kutatua shida zote za Kenya na bado chai ya pili ikapoa. Siku hiyo mjadala ulikuwa wa taoni. Vijana watatu wa boda na mwalimu mmoja mstaafu walikuwa wanabishana kuhusu majumba ya maduka yaliyobaki na milango ya chuma imeshushwa nusu. Kijana mmoja akatoa dawa yake kwa sauti ya mtu aliyemaliza kesi: "Si kaunti inunue moja tu? Inunue, irekebishe, taoni iamke."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata mwalimu. Mimi nikanyamaza kwa sababu makanga alikuwa anapiga bati, na nimejilaumu tangu hapo. Kwa hivyo wacha niseme hapa nilichopaswa kusema pale: hapana. Kaunti isinunue jumba la maduka. Na sababu yangu haina uhusiano na kuichukia serikali. Inatokana na mkebe wa Kimbo ulio kabatini kwa shangazi yangu, ambao nitaufungua hivi punde.

Kwanza nimpe yule kijana haki yake. Wazo lake linatoka mahali pazuri. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, la tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 475,716 hapa. Jiji la watu wengi hivyo likiwa na sakafu tatu za vioo vyenye vumbi na ngazi ya umeme iliyokwama, inaudhi. Ukipita na mgeni unatamani ageuze macho. Tena sisi wa mashambani ndio tunaoumia zaidi, kwa sababu pesa ya mahindi, ngano na maziwa ya Moiben ndiyo hushuka kwenda kutumika huko. Taoni ikilala, na sisi tunalala.

Lakini mtu akikuta ng'ombe amekufa, haanzi kwa kuuliza nani atamnunua. Anauliza amekufa na nini, maana ugonjwa wenyewe unaweza kuwa bado uko zizini.

Haya, majumba yetu ya maduka yalikufa na nini? Kumbuka vile yalivyojengwa. Chini kabisa kulikuwa na supamaketi moja kubwa, ndiyo iliyovuta watu. Benki, duka la simu, kinyozi na mwenye kuuza chipsi waliishi kwa kudandia wateja wake. Supamaketi ikianguka, wengine wote wanafuata mmoja mmoja. Na zilianguka kweli. Nakumatt, iliyoanza Nakuru kama duka la magodoro na kufikia matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama Januari 2018, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe kabisa. Tuskys ikafuata. Choppies ya Botswana ilikuja, ikachukua maduka ya Ukwala, kisha ikafunga virago. Uchumi ndiyo ya kusikitisha zaidi, kwa sababu ilikuwa mtoto wa serikali: ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya umma, ikafunga milango Juni 2006, serikali ikaiokoa, ikafunguliwa mwezi uliofuata, ikarudi kwenye soko la hisa 2011, halafu ikaanguka tena na kurudi kuomba pesa za umma. Kwa hivyo tusidanganyane ati hatujawahi kujaribu kufufua maduka kwa mfuko wa mlipa ushuru.

Kilichoziua hizi zote kina majina mengi kwenye magazeti, lakini dalili ilikuwa moja: ziliacha kulipa waliozipelekea bidhaa. Maziwa yakakosekana kwenye rafu, kisha mkate, kisha mayai. Mteja akija mara mbili akakuta rafu tupu, mara ya tatu haji.

Sasa tufungue ule mkebe.

Shangazi yangu alikuwa anapeleka mayai kwa supamaketi moja mjini. Jina naliacha, yeye mwenyewe hapendi kulitaja. Trei 30 kila Jumanne na trei 30 kila Ijumaa, zinafungwa kwa kamba nyuma ya pikapu ya mwanawe kabla jua halijatoka. Makubaliano yalikuwa alipwe baada ya siku 30. Zikawa 60. Zikawa 90. Kila akienda anaambiwa, "Mama, rudi wiki ijayo, mhasibu hayuko." Kuku hawajui mhasibu. Wanakula kila siku. Akauza mtamba mmoja anunue chakula cha kuku, akaendelea kupeleka mayai, kwa sababu aliogopa akiacha hatalipwa hata yale ya zamani. Asubuhi moja akafika akakuta mlango umefungwa na askari wa kampuni ya ulinzi anachezea simu. Risiti zote ziko ndani ya huo mkebe wa Kimbo, zimekunjwa vizuri, na wino umeanza kufifia.

Mwanawe, yule wa pikapu, aliona heri afanye biashara na serikali. Serikali haiwezi kufunga mlango na kutoroka, alisema. Akapata zabuni ndogo ya kupeleka viti na meza kwa ofisi moja ya umma, ambayo nayo siitaji. Akakopa benki, akapeleka, akapewa stakabadhi yenye muhuri. Hapo ndipo safari yake ya "rudi wiki ijayo" ilipoanza. Madalali wa benki walichukua pikapu kabla serikali haijalipa shilingi.

Unaona ninakoelekea. Shangazi na mwanawe waliumwa na nyoka mmoja.

Na hiyo si hadithi ya familia yetu tu. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zilionyesha kwamba kufikia katikati ya 2024 kaunti 47 zilikuwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 150 kwa watu waliozifanyia kazi na kuzipelekea bidhaa. Bilioni 150! Nyuma ya kila deni kuna mtu aliyekuwa anunue saruji, alipe kodi ya duka, apeleke mtoto kinyozi, anunue chipsi pale chini ya ngazi ya umeme. Yule kijana wa boda anauliza mbona hakuna wateja kwenye majumba ya maduka. Wateja wako nyumbani, wanangoja kulipwa.

Halafu ndiyo tuseme kaunti hiyo hiyo iwe mwenye jumba? Kaunti yenye ugonjwa ule ule uliolimaliza jumba? Mgonjwa wa kitanda cha kwanza anunue kitanda cha pili?

Hebu fuata hizo pesa zenyewe. Siku kaunti inaponunua, hundi haiendi kwa kinyozi wala kwa mwenye chipsi. Inaenda kwa mwenye jengo, na mara nyingi inapitia kwake tu kuelekea kwa benki inayomdai. Anaamka bila deni, na jengo ni lile lile. Hasara iliyokuwa ya mtu mmoja aliyecheza bahati yake inakuwa yetu sote, hata wa Moiben ambaye hajawahi kukanyaga hiyo ngazi. Kama kaunti haina hizo pesa, itabidi ikope, na Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Kifungu hicho kiliwekwa na watu walioijua nchi yao.

Na bei itapangwa na nani? Tuna somo hapa. Mwaka 2008 Baraza la Jiji la Nairobi, makaburi ya Lang'ata yakiwa yamejaa, lilinunua ekari 120 kule Mavoko za kuzika watu. Shilingi milioni 283, mara nyingi zaidi ya thamani ya ardhi yenyewe. Wakaenda kuchimba, wakakuta mwamba. Miaka kumi baadaye mahakama ikawafunga baadhi ya waliohusika, lakini Nairobi haikupata makaburi. Kama baraza lilishindwa kununua shimo, jamani, unalipa ruhusa ya kununua ghorofa?

Najua jibu litakalokuja, maana vijana wetu wanasoma: "Lakini Uingereza wanafanya hivyo." Ni kweli. Na tuangalie vizuri. Baraza la Shropshire lilinunua majumba matatu ya maduka mjini Shrewsbury mwaka 2018 kwa pauni milioni 51, na thamani yake ikaporomoka ndani ya miaka michache. Baraza la Croydon, kusini mwa London, lilinunua eneo la maduka na hoteli, na Novemba 2020 likatangaza kwamba limeishiwa kabisa. Hao ni watu wenye wakaguzi na kumbukumbu za miaka mia. Mfano unaonivutia ni wa Stockton, kaskazini mwa nchi hiyo. Walinunua majumba mawili mwaka 2019, halafu moja wakalibomoa, ili watu wapate bustani kando ya mto. Angalau wale walielewa walichonunua. Walinunua ardhi katikati ya mji. Biashara iliyokufa waliizika.

Mimi sisemi umma usinunue kitu chochote. Mimi ni mtoto wa maziwa, nitasemaje hivyo? KCC ilipouzwa kwa watu binafsi, wafugaji wa hapa walilia. Mwaka 2003 serikali ikainunua tena kwa shilingi milioni 547, na maziwa yakapata pa kwenda. Rivatex, kiwanda cha nguo cha hapa hapa Eldoret, kilianguka mwishoni mwa miaka ya tisini, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua kwa milioni 205. Kikawekewa mashine mpya kwa mkopo wa India na kuzinduliwa upya 2019. Hata hicho bado kinahangaika, pamba yenyewe ni chache. Lakini pale kuna kitu cha kuhangaikia: kiwanda kinachukua kitu cha mkulima na kukiongezea thamani. Jumba la maduka haligandishi maziwa wala halifumi uzi. Linangoja tu mtu aje na pesa alizopata kwingine. Ukitaka lijae, shughulika na hapo kwingine.

Kwingine penyewe ni kama Moiben. Siku ya soko shangazi siku hizi anauza mayai na kabeji chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Mvua ikinyesha, na wewe unajua mvua ya huku, watu wote wanakimbilia baraza za maduka na mboga zinabaki kuogelea. Saa kumi na mbili jioni giza likiingia soko limekwisha, hata kama wateja wanaotoka kazini ndio kwanza wanafika. Hapo panahitaji paa, mtaro, taa, choo chenye maji, na chumba baridi cha kuhifadhia mboga na maziwa. Hakuna gavana atakayepigwa picha nzuri akifungua mtaro, na nadhani hapo ndipo shida ilipo. Lakini mjue hata hayo yanaweza kuharibiwa: mpango wa kufufua uchumi wa 2009 ulijenga masoko kila pembe ya nchi, na kadhaa yalikaa miaka bila mchuuzi hata mmoja, kwa sababu waliochora ramani hawakuwauliza wenye kuuza wanapouzia. Mama mboga anajua barabara ambayo watu hupitia. Muulize kwanza, halafu ndiyo ulete simenti.

Kwa hivyo ombi langu ni fupi. Siku moja tutaitwa kwenye kikao cha maoni ya umma, iwe ni kuhusu jumba la maduka au ndoto nyingine ya vioo. Tangazo litakuwa dogo, gazetini, na kikao kitawekwa siku ya kazi asubuhi. Nenda hata hivyo. Beba mwenzako. Uliza maswali matatu na usikae chini mpaka ujibiwe: Thamani ya jengo ilipimwa na nani, na ripoti yake iko wapi? Anayelipwa ni nani, na anadaiwa na nani? Na kaunti inadaiwa ngapi leo na watu wadogo wa hapa, na watalipwa lini?

Hilo la tatu ndilo langu. Lijibuni kwa tarehe. Lipeni fundi aliyepaka rangi zahanati, lipeni kijana aliyepeleka viti, lipeni mama aliyepika chakula cha semina. Hizo pesa hazitalala. Kesho yake zitakuwa taoni, kwenye duka la viatu na kwa mwenye chipsi, na huenda lile jumba likapata mpangaji bila mtu kulinunua.

Nilipofika nyumbani ile Jumapili nilimpigia shangazi simu nikamweleza mjadala wa kibandani. Akacheka kidogo, kisha akauliza, "Wakinunua hiyo nyumba, watalipa na deni langu la mayai?"

Nikamwambia hapana, shangazi, hilo halimo.

"Basi," akasema, "waambie wasininunulie."