Daftari Likiungua, Tutapoteza Kiasi Gani?

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari lenyewe likiungua?

Mnamo Septemba 2, 2018, moto uliteketeza Makavazi ya Kitaifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro. Miongoni mwa vilivyoangamia ni sauti zilizorekodiwa za lugha ambazo wasemaji wake wamekwisha kufa. Kwetu tufundishao isimu, huo ni msiba usio na matanga.

Vyuo vyetu navyo huhifadhi alama za mitihani, tasnifu na sauti za utafiti katika kompyuta. Janga likizuka, wokovu ni nakala iliyo mahali pengine. Nakala hiyo hupelekwa kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya sanjari: data haihesabiwi kuwa imehifadhiwa mpaka vituo vyote viwili viwe vimeiandika. Hakipotei kitu, ila kila uandishi husubiri jibu. Tuseme kituo kimoja kiko Nairobi na kingine Mombasa. Katika nyaya za nuru, kwenda na kurudi huchukua takriban sehemu 5 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Ni muda mdogo, lakini mfumo uandikao mara maelfu utalemewa. Kwa hivyo vituo vya sanjari aghalabu hukaribiana, na janga moja laweza kuvikumba vyote.

Ya pili ni ya baadaye: kituo cha kwanza huandika, huendelea na kazi, kisha hutuma nakala. Umbali si kikwazo, lakini yaliyoandikwa punde kabla ya janga hupotea.

Ipi bora? Swali hili tumewaachia mafundi, ilhali si lao peke yao. Karo iliyolipwa na alama zilizoingizwa leo zastahili sanjari. Sauti za wazee wa Kiyaaku wa Mukogodo hazibadiliki kila dakika. Hizo zahitaji nakala ya mbali kuliko ya haraka.

Tena yafaa ieleweke kwamba njia zote mbili hunakili hata makosa. Faili ikifutwa Nairobi, hufutwa Mombasa pia. Nakala ya kale, isiyoguswa, ni lazima.

Basi kila idara na iandike leo: tuko radhi kupoteza kazi ya dakika ngapi, na ipi hatuko radhi kuipoteza kamwe? Tukilijibu hilo, fundi atajua la kufanya. Tusipolijibu, moto utatujibia.