"Rangi ni hiyo hiyo unayoiona"? Angalia taa yako kwanza

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na sisi tunaouza kwa picha: vitambaa, nguo, mikoba, mapazia, viatu. Ile kauli yetu ya "rangi ni hiyo hiyo unayoiona" mimi nimeacha kuiandika. Na wewe naomba uiache mpaka uwe umeangalia taa ya fremu yako.

Kilichonifundisha ni satini. Mteja wa Dodoma aliona picha yangu, akaagiza vipande 12 vya rangi ya krimu, sare ya wapambe wa harusi. Nikafunga mzigo, nikaupeleka stendi ya Mbezi, ukapanda basi. Kesho yake simu inaita: "Dada, huku tuna bibi harusi mmoja au 13?" Kitambaa kilikuwa cheupe pe! Na sikumdanganya, nilimtumia kile kile nilichokipiga picha. Ila nilikipiga usiku chini ya balbu ya njano, na kwenye picha weupe wote ukageuka krimu.

Wapo watakaosema mali ikishauzwa hairudishwi. Kwangu mimi hiyo kauli inamhusu mteja aliyebadili mawazo, siyo mteja tuliyemwonyesha krimu tukampa nyeupe. Na kuandika chini ya picha kwamba rangi inaweza kutofautiana kidogo, wakati kitambaa unacho na simu unayo mkononi, huo ni uvivu tu. Piga upya.

Sasa kwa nini sikuona kosa pale pale? Kwa sababu macho yanazoea. Ukikaa saa nzima chini ya taa ya njano, ubongo unaitoa ile njano bila kukuambia, unaona nyeupe ni nyeupe. Mteja yuko barazani kwake mchana, anaiona njano yote. Jaribu leo: weka karatasi nyeupe ya kuchapia pembeni ya bidhaa, piga, halafu toka nje uitazame picha. Karatasi ikiwa na njano, bluu au kijani, basi na bidhaa imeingiwa na rangi hiyo hiyo.

Dawa iko kwenye simu. Fungua kamera, tafuta sehemu iliyoandikwa Pro, humo kuna WB. Hiyo ndiyo sehemu ya kuiambia kamera taa uliyonayo ni ya aina gani. Inakwenda kwa namba na herufi K. Balbu ya njano ni kama 2700 mpaka 3000. Jua la mchana ni kama 5500. Zile LED nyeupe kali nyingi ni 6500, angalia boksi lake, huwa imeandikwa. Weka namba inayofanana na taa yako, kisha sogeza taratibu mpaka karatasi ionekane nyeupe kweli. Picha ikiwa na njano, punguza namba. Ikiwa na bluu, ongeza. Mwanzoni mimi nilikuwa nafanya kinyume, nikawa naongeza njano juu ya njano, usicheke.

Utauliza, si kamera inajipangia yenyewe? Inajipangia, ila inakisia. Ukijaza picha nzima na kitenge chekundu, inaweza kudhani wekundu ule ni wa taa, ikaupunguza. Ndiyo maana unapiga kitenge kimoja mara tatu unapata rangi tatu. Ukiweka namba mwenyewe, picha zote za mzigo zinatoka sawa. Ila ukibadili taa, au ukihamia dirishani, anza upya na karatasi yako.

Simu isiyo na Pro siyo mwisho. Snapseed ni ya bure, ina sehemu ya White Balance yenye alama ya kuchagulia rangi. Unaigusisha kwenye ile karatasi ndani ya picha, inajirekebisha. Kwa hiyo karatasi iwemo kwenye picha, utaikata baadaye.

Lakini kuna mahali WB haitakuokoa, na hapa ndipo wengi tunapokwama. Fremu zetu zina mlango wazi mbele na taa ya njano ndani. Upande mmoja wa gauni unapata jua, mwingine unapata balbu. Ukiponya njano, upande wa mlangoni unakuwa bluu. Namba ni moja, taa ni mbili, haiwezekani. Zima taa, usogee mlangoni. Au subiri usiku uwashe taa ya aina moja tu. Na angalia kilichokuzunguka: ukuta wa kijani au turubai la bluu juu ya meza linamwaga rangi yake kwenye bidhaa. Mimi nimetundika shuka jeupe nyuma na pembeni, yameisha.

Kuhusu filta, hapo mtanisamehe. Filta ya kupendezesha uso itumie kwenye picha zako za sikukuu. Kwenye bidhaa inabadilisha rangi zote kwa pamoja, na wewe mwenyewe hujui imebadilisha nini. Wala usikimbilie kukopa hela ya simu kubwa. Simu kubwa chini ya taa mbili inachanganyikiwa kama hiyo yako.

Vile vipande 12 vilirudi, nauli ya basi kwenda na kurudi nililipa mimi. Tisa nimeshauza. Vitatu bado vipo, ni vyeupe, nimevipiga upya mlangoni asubuhi na karatasi pembeni. Picha naweka kesho.