Mto Haujazwi Samaki kwa Ndoo

Mwanzoni mwa majira ya joto, theluji ya milima ya Rocky nchini Marekani inapoyeyuka, mto Madison wa jimbo la Montana hujaa maji baridi yaendayo kasi. Ndipo tunutu wa mdudu mmoja mkubwa, walioishi chini ya mawe miaka mitatu au minne, hutambaa hadi ukingoni, hujivua ngozi na kupata mbawa. Wa kike warudipo kutaga mayai majini, samaki aitwaye trauti huwala kwa pupa. Mvuvi naye huiga mdudu huyo kwa kufunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana. Kwa kuwa chambo hicho ni chepesi mno, uzito wa kukirushia umo katika mshipi wenyewe.

Kwa miaka mingi, wavuvi walipolalamika kwamba samaki wamepungua, dawa ilikuwa moja: kuwalea trauti mabwawani na kuwamwaga mtoni. Nani angepinga? Kumi ukiongeza watano ni kumi na watano. Hesabu hiyo ni sahihi kwa kikapu. Kwa mto ni kosa.

Kosa hilo lilifichuliwa na mwanabiolojia Dick Vincent, aliyeanza kuwahesabu trauti wa Madison katika miaka ya 1960. Samaki hupigwa na umeme hafifu wakalewa, hukatwa ncha ya pezi iwe alama, kisha huachiliwa. Baadaye huvuliwa tena. Tuseme 100 walitiwa alama, na katika 80 waliovuliwa mara ya pili 20 wana alama: basi wote hukadiriwa kuwa 400.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 umwagaji ulisimamishwa katika sehemu moja ya Madison, nao ukaanzishwa katika kijito cha O'Dell, ambako haukuwapo. Matokeo yaliwashangaza wengi. Pale ulipokoma, trauti waliozaliwa mtoni waliongezeka sana, kijitoni walipungua. Trauti wa mtoni hushika mahali pake nyuma ya jiwe, ambapo chakula humfikia bila yeye kupigana na mkondo. Mgeni aliyekulia katika msongamano hajui mpaka huo. Humsumbua mwenyeji, na mara nyingi mwenyewe hafiki mwaka wa pili.

(Neno "mwenyeji" hapa litumiwe kwa hadhari: trauti wa kahawia asili yake ni Ulaya, na yule wa upinde wa mvua alitoka mito ya pwani ya Pasifiki. Wote wawili walipelekwa Madison na watu.)

Wavuvi na wenye maduka walipinga vikali. Hata hivyo, mwaka 1974 Montana iliacha kumwaga samaki katika mito yenye trauti wanaozaliana wenyewe, na uamuzi huo ulikuwa wa haki. Malalamiko ya mvuvi aliyerudi mikono mitupu si kipimo cha mto, na fedha za kulea samaki wa kumwagwa zingefaa zaidi kulinda kina cha maji na miti ya ukingoni.

Mwalimu anayetaka kuijaribu hesabu ya alama hahitaji trauti wala umeme. Mfuko wa maharagwe na kalamu ya wino vyatosha, mradi wanafunzi wasiambiwe mapema idadi iliyomo.