Wanyama wa Antaktika Wanapita Mlangoni Petu



Mtoto akishatazama filamu ya pengwini na milima ya barafu, hutamani kwenda Antaktika. Hamu hiyo ni njema, wala sitaki kuizima. Lakini nauli ya huko wengi wetu hatuiwezi, na kabla hatujasikitika tukumbuke tunaishi wapi. Kuanzia Juni hadi Novemba, wanyama wa Antaktika hupita hapa Durban, na kuwatazama kutoka ufukweni hakuna kiingilio. Kwa hiyo naomba shule yetu ihamishie somo moja ufukweni kila msimu wa baridi, tukawatazame nyangumi kwa Kiswahili.

Nyangumi mwenye nundu anaweza kufikia urefu wa mita 15 na uzito wa tani 30. Kiangazi cha kusini hukimalizia kwenye bahari ya barafu akila krili, viumbe wadogo mfano wa uduvi. Baridi ikianza huelekea kaskazini kwenye maji ya joto, kupandana na kuzaa. Njiani hula kidogo sana. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Wengine huishia Msumbiji, na wengine husonga mbele hadi Tanzania na Kenya. Ndiyo maana watu wa Zanzibar na Watamu huwaona wakati wa kusi. Basi huyu ni mgeni wa pwani yetu tangu zamani, na Durban ni kituo chake cha njiani.

Watoto wajue pia kwamba mji huu haukumkarimu siku zote. Kuanzia 1908 hadi 1975 palikuwa na kituo cha kuchakata nyangumi hapa Bluff. Waliovuliwa walivutwa hadi bandarini, wakapandishwa kwenye mabehewa ya treni na kwenda kukatwakatwa. Katika karne ya 20, nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 waliuawa katika bahari za kusi mwa dunia. Aina hii ilipewa ulinzi mwaka 1963, na polepole wakaongezeka tena. Tunaowaona leo ni uzao wa wachache walionusurika.

Kilima hicho hicho cha Bluff kina habari nyingine inayotuhusu. Mwaka 1873 Waingereza walileta Durban watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, na wengine wakafuata hadi 1880. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini mji ukawaita Wazanzibari. Walikaa King's Rest, pale Bluff, hadi serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Kwa hiyo sisi si wa kwanza kutoka pwani ya kaskazini kuyatazama maji haya.

Najua baadhi ya wazazi watasema Jumamosi ni chache na sarufi bado haijakaa sawa. Ni kweli. Lakini sikilizeni watoto wanavyosema darasani: "nyangumi hii", "nyangumi inaruka". Tunawasahihisha, wanarudia, na wiki ijayo wamesahau. Mwekeni mtoto huyo mbele ya bahari, nyangumi apulize mvuke kule mbali, kila mtu apaze sauti: "Yule! Yule pale! Ana ndama!" Hapo atajua kwamba nyangumi ni kiumbe hai: ni yule, si ile; anaruka, hairuki. Na atajua tofauti ya huyu na yule bila kuchorewa jedwali ubaoni. Lugha inayobaki ndani ya darasa la Jumamosi haifiki Jumapili.

Gharama yake ni ndogo. Chagueni asubuhi isiyo na upepo mkali, nendeni Bluff au uMhlanga, mbebe darubini kama ipo, chupa ya chai na maandazi. Tazameni mbele ya mawimbi, mtafute moshi mweupe unaotoka majini. Mkipenda kupanda boti, ulizeni kwanza kama mwenye nayo ana kibali, kwa sababu chombo kisicho na kibali hakiruhusiwi kumsogelea nyangumi karibu zaidi ya mita 300. Mama mwenye ndama anahitaji nafasi.

Nanyi watoto, kazi yenu ni moja. Mkimwona nyangumi akielekea kaskazini, mpigieni simu bibi au babu aliye Mombasa, Tanga au Unguja, mumwambie kwa Kiswahili: "Shikamoo bibi. Nyangumi wamepita kwetu leo, wanakuja huko." Halafu msikilize atakavyowajibu. Bila shaka naye ana habari zake za bahari, na anangoja mtu wa kumuuliza.